Madobi wa Chini ya Daraja: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Park City

Waheshimiwa Meya na wajumbe wa Baraza la Mji wa Park City, jimbo la Utah. Nanyi wasimamizi wa redio ya mji na wa makumbusho ya Main Street.

Shikamooni. Naanza na shikamoo kwa sababu wengi wenu mmenizidi umri, na kwa sababu nilikolelewa mtu haanzi kusema shida yake kabla ya salamu. Naandika kwa Kiswahili nikijua kwamba huenda hapo barazani hakuna anayekisoma. Mkalimani hatakosekana. Kule bondeni Salt Lake City, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka kwenu, tumejaa Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, na watoto wetu wanazungumza Kiingereza kama maji. Sisi tumetafsiriwa hospitali, mahakamani na kwenye vikao vya wazazi miaka nenda rudi. Mara moja tu, naomba zamu iwe yenu. Ninachoomba ni hiki: mrekodi masimulizi yetu sisi wafanyakazi wa hotelini, kwa lugha zetu, myahifadhi na kuyarusha redioni.

Mimi ni dobi katika hoteli moja huko kwenu mlimani. Jina lake halina kazi hapa. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri husimama kwenye kituo cha mafuta huku chini nikingoja kibasi cha kazini, mikono kwapani. Tukiingia korongo la Parleys masikio yanaziba, maana tunapanda kutoka mita 1,300 hadi mita 2,100 kabla hata ya chai. Nyuma ya kibasi ni Kiswahili, katikati Kihispania, mbele wamekaa Wanepali wawili ambao hawasemi mpaka tufike. Kufika kumi na mbili nimeshaingia chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, hakuna dirisha. Ile theluji mnayoiuza dunia nzima, mimi wakati wa baridi huiona gizani asubuhi, kisha siioni tena mpaka zamu iishe.

Juu ya rafu ya sabuni kuna redio. Niliikuta. Kitufe chake cha kubadilishia stesheni kilivunjika zamani, kwa hiyo tunasikiliza stesheni moja tu, KPCW, hiyo yenu iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1980. Miaka sita nimekunja mashuka nikiisikiliza. Kiingereza changu nimekitoa humo zaidi ya darasani. Najua ugomvi wenu wa maegesho, najua inchi ngapi za theluji zimeanguka usiku, najua nani barazani humkatiza mwenzake akisema. Mjini kwenu hakuna anayenijua, ila mimi nawajua kwa sauti.

Siku ya kwanza niliposikia tangazo la mbwa aliyepotea, nilizima mashine nisikie vizuri. Mbwa wa kahawia, kola nyekundu, ni mwoga, msimfukuze akikimbia. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa juu ya rundo la taulo chafu. Nilicheka nao, lakini tumbo lilikuwa limenikata. Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, mkoani Kigoma. Tulikuwa na redio ya Philips ya babu mmoja jirani, na ndani yake Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwakutanisha watu waliopotezana. Fulani bin fulani, wa kijiji fulani, anatafutwa na mama yake. Muda wa majina ukifika mama yangu alitunyamazisha wote, hata uji haukukorogwa. Alikuwa anamsubiri mdogo wake. Jina lile halikusomwa hata siku moja, naye hakuacha kusikiliza.

Simdharau yule mbwa. Alipatikana siku ya tatu na tulipiga makofi kule chini. Nataka tu mjue kwamba anayewaandikia anajua redio ya mji mdogo ni kitu gani. Inahesabu watu. Ikikutaja, upo.

Sasa nije kwenye daraja.

Mwaka juzi kibasi chetu kiliharibika jioni, tukaambiwa tungojee kwenye jengo la maegesho karibu na Main Street, linaloitwa China Bridge. Saa mbili nzima tulikaa pale. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake: mbona panaitwa Daraja la China, na hapa sioni daraja wala Mchina? Mzee yule, Mungu ambariki, alizima gari akanisimulia. Baadaye nilikwenda kwenye makumbusho yenu siku yangu ya mapumziko nikaongezea niliyokosa.

Reli ya kuvuka Marekani iliunganishwa hapa hapa Utah, Promontory, tarehe 10 Mei 1869, na upande wa magharibi walioilaza kwa mikono yao walikuwa Wachina kwa maelfu. Kazi ilipokwisha, baadhi yao walikuja kwenye mji wenu wa migodi ya fedha. Kuchimba hawakuruhusiwa. Wakafanya kazi ambazo wengine hawakuzitaka: kupika na kufua. Walijenga vibanda vyao bondeni, nyuma ya Main Street. Tatizo likawa kwamba wakazi wa mlima wa Rossie, wakitaka kushuka dukani, iliwabidi wapite katikati ya Wachina. Basi mji ukajenga daraja refu la mbao, likapita juu ya mapaa ya Wachina, ili watu waende mjini na kurudi bila kukanyaga kwao. Moto mkubwa wa tarehe 19 Juni 1898 uliteketeza majengo kama 200, na daraja nalo likaungua. Likajengwa tena! Mji mzima majivu, na daraja la kukwepa madobi likakumbukwa.

Leo Wachina wale hawapo, vibanda havipo, daraja lilibomolewa. Jina limebaki kwenye maegesho ya magari.

Nilisimama pale baridi ikinitafuna miguu, nikahisi kama mtu aliyetajiwa ukoo wake. Madobi! Na sisi je, hatupitiwi juu? Hoteli yetu ina ngazi za wageni na ngazi zetu, lifti ya wageni na lifti ya mizigo, na hata njia ya kusukumia toroli la mashuka imezungushwa ukuta ili mgeni mwenye viatu vya ski, ule mchezo wa kuteleza thelujini, asikutane na fuko la nguo chafu. Silalamiki, ndivyo hoteli zote duniani zilivyo. Ila niliona vizuri sana lile daraja ambalo halipo.

Najiuliza yule dobi wa mwaka 1890, akisugua shati la mchimba madini kwa maji ya baridi, alikuwa anasema nini na mwenzake. Alimwita nani usingizini. Alikuwa na utani gani juu ya watu waliokuwa wakitembea juu ya kichwa chake, maana utani haukukosekana, mimi nawajua madobi. Wakati huo kinasa sauti cha kubeba hakikuwepo, na gazeti la mji, The Park Record, linalochapishwa tangu mwaka 1880, liliandikwa na watu wa juu ya daraja. Kwa hiyo kosa lile halina wa kulilipa. Leo kinasa sauti kiko mfukoni mwa kila mmoja wenu.

Wala msiseme mji wenu haujui kutunza hadithi. Mnajua mno, na ndiyo maana nimepata ujasiri wa kuandika. Mwaka 1960 mlibaki watu wasiofika 1,400, migodi ikififia, wengine wakiwaita mji wa mizimu. Serikali ya Marekani ikaikopesha kampuni ya migodi zaidi ya dola milioni 1.2, na Desemba 1963 mlima ukafunguliwa kwa wacheza ski. Halafu miaka michache baadaye ikaja ile habari ninayoipenda kuliko zote. Badala ya kuwapandisha wateja kwa lifti za nje tu, wakaona kuna handaki la mgodi limekaa bure. Wakawapakia kwenye treni ya wachimba madini, wakawapeleka karibu kilomita 5 ndani ya giza, maji yakiwadondokea kichwani, kisha wakawapandisha zaidi ya mita 500 kwa lifti ya mgodi mpaka juu mlimani, na huko wakavaa ski zao wakashuka. Fikiria mtu amelipa nauli, ametoka shimoni amelowa chapachapa, anapigwa na upepo wa Januari! Mpango ule haukudumu. Lakini hadithi yake mmeitunza kama yai, na nilipoisikia nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mnawakumbuka pia wachimba madini 34 waliokufa kwenye mlipuko wa mgodi wa Daly-West mwezi Julai 1902. Hospitali ya wachimba madini iliyojengwa miaka miwili baadaye mliihamisha nzima nzima mwaka 1979 isivunjwe. Jengo zima mlilibeba! Na chini ya makumbusho yenu, kwenye ile jela ya zamani, nilionyeshwa ukutani alama ya chama cha wafanyakazi cha IWW, mfungwa ameichora kwa moshi wa mshumaa. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote mle ndani. Mfanyakazi aliyeacha neno lake kwa mkono wake mwenyewe, na ilibidi kwanza afungwe.

Chuo Kikuu cha Utah nacho kina hifadhi ya mambo ya ski tangu mwaka 1989, na humo kuna masimulizi ya wanamichezo na waanzilishi wa milima hii. Ni kazi nzuri. Siombi ipunguzwe hata dakika.

Naomba iongezwe. Nitawaeleza kwa mfano mmoja.

Kulikuwa na mama mmoja pale kwetu, Mbembe wa Fizi, Kongo, umri wa mama yangu. Wote tulimwita Mama Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kupokea shuka linapotoka kwenye mashine ya pasi. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili: mnashika pembe, mnalinyoosha, mnakunja mara moja, mnasogeleana, mikono yenu inagusana, anakuachia pembe zake, anainama kushika pindo la chini, mnaachana tena. Kwa zamu moja mnakutana na kuachana hivyo mara mia kadhaa. Mama Mkubwa alikuwa anasimulia kwa mwendo huo huo. Akikusogelea, sentensi, akirudi nyuma, kimya. Hivyo ndivyo nilivyosikia alivyovuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika gauni, na yule mwenye mtumbwi akawakataza wasikohoe. Na kwa mwendo huo huo nilisikia alivyoiona theluji mara ya kwanza uwanja wa ndege, akadhani kiwanda cha unga kimeungua. Alizichanganya hizo mbili kama ni safari moja, na kwake ilikuwa moja.

Siku moja nikaweka simu yangu juu ya rafu ya sabuni, pembeni ya redio, nikamwomba ruhusa nikarekodi. Akasema, "Rekodi, lakini usikatishe shuka." Nikapata dakika 11. Nyuma yake mashine ya kukaushia inanguruma mwanzo mpaka mwisho. Kuna mahali inameza maneno yake kabisa. Nikasema moyoni nitarudia Jumapili nyumbani kwake, pakiwa kimya. Jumapili ya kwanza kulikuwa na harusi, ya pili nilikuwa kazini, ya tatu theluji ikafunga barabara. Kabla ya ya nne alipata kiharusi. Yu hai, ananitambua, ananishika mkono. Usemi umekwenda.

Tuseme ukweli, kosa hilo ni langu. Kama pangekuwepo chumba chenye kimya, mtu mwenye kinasa sauti kizuri na saa moja iliyolipwa, lisingetokea.

Mtaniambia fedha hakuna, na mtakuwa na sehemu ya ukweli. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 za redio na televisheni za umma, na vituo vidogo vya milimani ndivyo vilivyoumia mapema. Niliisikia habari hiyo kwenye redio yangu iliyovunjika kitufe, na nilitoa dola 20. Lakini kila chumba kinacholalwa mjini kwenu hutozwa kodi ya wageni, usiku kwa usiku. Shuka la chumba hicho nimelifua mimi. Chembe ya kodi ile ikirudi kununua maikrofoni mbili na kumlipa mnukuzi, sidhani kama itakuwa sadaka.

Na wakati wenyewe ni huu. Tamasha la filamu la Sundance lililokuwa kwenu tangu mwaka 1981 limefanyika kwa mara ya mwisho Januari 2026. Kuanzia 2027 linahamia Boulder, Colorado, na kila siku redioni nawasikia mkijiuliza mji huu utakuwa nani sasa. Mwaka 2034 Olimpiki ya majira ya baridi inarudi Utah. Kamera za dunia nzima zitakuja, na mtatafuta hadithi za kuwaonyesha. Ukihesabu kuanzia leo, Mama Mkubwa wangapi watakuwa wamenyamaza kufikia siku hiyo?

Mkikubali, nina masharti machache, ya mtu anayejua jinsi jambo jema linavyoweza kuharibika.

Msiturekodi hotelini, wala siku msimamizi yupo karibu. Mtu hawezi kusimulia maisha yake huku anaangalia saa ya zamu. Anayeuliza awe mmoja wetu, na lugha iwe ya msimuliaji. Nimewahi kuketi mahali ambapo mzee alisimulia kwa dakika nne na mkalimani akasema, "Anasema safari ilikuwa ngumu." Basi. Andikeni kwanza kwa Kiswahili alichosema, neno kwa neno, na "eeh" zake, ndipo mtafsiri. Wa Kihispania vivyo hivyo, na ndio wengi kuliko sisi. Msiwasahau wale vijana wa Peru na Ajentina wanaokuja kwa msimu mmoja kuendesha lifti na kuosha vyombo. Miezi minne ni midogo, lakini wanaona mambo.

Majina yaachwe kwa mwenyewe. Mnajua jinsi hali ya uhamiaji ilivyo, kuna watu hawatataka kutajwa, na wapo watakaotaka kanda zao zifungwe miaka 20 ndipo zisikilizwe. Hifadhi za nyaraka zinajua kufanya hivyo, si jambo geni. Kila msimuliaji apewe nakala yake. Sisi tumeshahojiwa sana maishani: na maofisa wa kambi, na maofisa wa safari, na madaktari wa safari, faili juu ya faili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutupa nakala.

Tena, tafadhali, msianze kwa kutuuliza tulivyoteseka. Muulize mtu anavyoondoa doa la mvinyo mwekundu kwenye joho la kuogea. Muulize wageni wa wapi husahau vitu gani chini ya kitanda. Yale mengine yatakuja yenyewe, au hayatakuja.

Halafu kanda hizo ziruke hewani siku za kawaida. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, simu yangu haipoi kwa mialiko ya kuzungumza na kula sambusa. Tarehe 21 hakuna anayenikumbuka. Mimi nataka Jumanne. Baada ya kiasi cha theluji, kabla ya mbwa waliopotea, dakika tano za mtu anayesema kwa lugha yake, na msomaji wenu akieleza kwa Kiingereza. Mama anayeendesha gari kupeleka wanawe shule na asikie kwamba shuka alilolalia shemeji yake wiki iliyopita lina sauti nyuma yake. Asipoelewa neno, si kitu. Sisi tuliishi na redio yenu miaka miwili kabla ya kuelewa.

Zile dakika 11 bado ninazo. Nimezihifadhi mahali patatu, na mwanangu anasema kuna programu inayoweza kupunguza ngurumo ya mashine. Njoo yeyote kati yenu, siku yoyote kasoro Jumamosi, saa nane na nusu mchana ninapotoka zamu. Nitakuwa nimekaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho ya China Bridge, upande wa jua. Mje na visikizi vya masikioni, vile vikubwa. Dakika ya saba, mashine inaposhusha pumzi kidogo, anasikika akicheka.